TAHARIRI: KUKATWA SI MWISHO WA TIBA



Katika toleo hili tunapenda kusema waziwazi juu ya jambo ambalo katika mitaa yetu ya Kalangalala huzungumzwa kwa kunong'ona, na mara nyingi huzungumzwa baada ya mazishi. Nalo ni saratani ya mlango wa kizazi. Hatutaki kuieleza yote, kwa kuwa hiyo ni kazi ya waganga waliosomea. Tunataka kueleza sehemu moja tu, ambayo tumeona kwa macho yetu jinsi kutoifahamu kunavyowaangamiza akina mama waliokwisha kufika hospitali, wakapimwa, wakapasuliwa, wakarudi nyumbani wakishangiliwa kwamba wamepona.

Tuanze na habari ya mama mmoja wa jumuiya yetu. Ameturuhusu kuisimulia kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kidogo, muuza dagaa na nyanya sokoni. Alitokwa na damu nje ya siku zake kwa miezi michache, akaenda kupimwa, na akaambiwa kwamba ana saratani, lakini ingali katika hatua ya mwanzo na yafaa kupasuliwa. Ndugu waliuza ng'ombe wawili. Akapasuliwa, kizazi kikaondolewa, akarudi. Jumuiya ilisali naye na kumshukuru Mungu.

Zile nyama zilizokatwa zilikuwa zimepelekwa maabara. Majibu yalipotoka, yalionyesha kwamba tezi mbili kati ya zile zilizoondolewa nyongani zilikuwa na ugonjwa. Hospitali ilipiga simu. Namba iliyoandikwa katika jalada lake ilikuwa ya mumewe, naye mumewe alikuwa ndani ya duara machimboni, simu haipatikani. Majibu yalimfikia mama baada ya wiki sita. Na yalipomfikia, kikao cha ukoo kilikaa. Mzee mmoja akatuambia kwa heshima zote: "Padre, kilichokuwa kinamla kimekwisha kukatwa. Hiyo mionzi ni ya kumtibu nini? Ng'ombe wamebaki watatu, na watoto wanasoma."

Swali la mzee huyu si la kijinga. Ni swali la mtu ambaye hakuna aliyemweleza. Tahariri hii ni jibu letu kwake, na kwa kila kikao cha ukoo kitakachokaa kesho na keshokutwa kuamua uhai wa mama.

TEZI NI NINI, NA ZINAHUSIKAJE?

Kila mtu anaujua mtoki. Mtoto akiumia mguu, kinenani huvimba kifundo chenye maumivu. Kifundo hicho ni tezi ya limfu. Mwili una mamia ya tezi za namna hii, nyingine zikiwa karibu na ngozi, nyingine zikiwa ndani sana, zimejipanga kando ya mishipa ya damu. Kazi yake ni kuchuja maji ya mwili yaitwayo limfu na kunasa vijidudu na takataka.

Saratani inapoota kwenye mlango wa kizazi, chembe zake huweza kuchukuliwa na maji hayo hadi kwenye tezi zilizo ndani ya nyonga. Zikifika hapo huweza kunaswa na kuanza kuota upya. Kutoka nyongani huweza kupanda hadi kwenye tezi zilizo kando ya mshipa mkuu wa damu tumboni, na kutoka hapo kwenda mbali zaidi. Tezi hizi za ndani hazionekani kwa macho wala hazipapasiki kwa mkono kama mtoki wa kinenani. Mama huweza kuwa na uvimbe mdogo kama punje ya harage, asihisi maumivu yoyote, ilhali tezi mbili au tatu zimekwisha kuingiliwa.

Wachimbaji wetu wa Mgusu, Nyarugusu na Rwamgasa wataelewa upesi. Mwamba unaoonekana mwembamba mdomoni mwa duara huweza kukimbia mbali chini ya ardhi, na hakuna mchimbaji mwenye akili anayeupima kwa kutazama juu tu.

Wataalamu wamehesabu mambo haya kwa miaka mingi. Ugonjwa unapokuwa mdogo kiasi kwamba unaonekana kwa hadubini tu, tezi huwa safi karibu kwa wagonjwa wote. Unapokuwa uvimbe wa kuonekana kwa macho lakini ungali ndani ya mlango wa kizazi, takriban akina mama 15 kati ya 100 hukutwa na ugonjwa kwenye tezi za nyonga. Kadiri uvimbe unavyokua, hasa ukipita sentimeta 4, ndivyo idadi hiyo inavyopanda.

Na hapo ndipo njia hutengana. Mama aliyetibiwa katika hatua ya mwanzo na tezi zake zikakutwa safi ana matumaini makubwa: karibu 90 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka mitano. Tezi zikiwa na ugonjwa, idadi hiyo hushuka, mara nyingi ikawa kati ya 50 na 75, kutegemea ni tezi ngapi na ziko wapi. Uvimbe ni uleule na hospitali ni ileile, lakini tofauti ya maisha ni kubwa namna hiyo.

"HATUA YA MWANZO" KWA SABABU HAKUNA ALIYETAZAMA

Sasa tunafika mahali ambapo elimu ya tiba inakutana na haki.

Kwa miaka mingi, hatua ya saratani hii ilipangwa kwa mikono na macho ya daktari, pamoja na vipimo vichache vya kawaida. Tezi hazikuhesabiwa katika kupanga hatua. Sababu mojawapo ilikuwa ya ubinadamu: wagonjwa wengi wa saratani hii ulimwenguni wamo katika nchi zisizo na mashine za kutosha, na kanuni ilipaswa kutumika kwa wote. Mwaka 2018 Shirikisho la Kimataifa la Madaktari wa Magonjwa ya Wanawake na Uzazi lilibadili kanuni hiyo. Tangu hapo, mama ambaye tezi zake zimeonekana kuwa na ugonjwa, kwa picha au kwa hadubini, huhesabiwa kuwa katika hatua ya tatu, hata kama uvimbe wenyewe ni mdogo.

Badiliko hili ni la kweli na la haki kisayansi. Lakini tazameni linaleta nini kwetu. Akina mama wawili wana ugonjwa unaofanana kabisa. Mmoja anaishi penye mashine ya CT au MRI na penye daktari wa patholojia anayechunguza tezi moja moja. Huyo ataambiwa ukweli na kupewa tiba inayolingana na ukweli huo. Mwingine anaishi kando ya machimbo. Ataambiwa yuko hatua ya mwanzo, si kwa sababu ugonjwa ni wa mwanzo, bali kwa sababu hakuna aliyetazama. Tunasema kwamba hiyo ni dhuluma, hata kama hakuna mtu mmoja wa kunyoshewa kidole. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliihesabu huduma ya tiba miongoni mwa haki za msingi za binadamu. Haki hiyo haikomi kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Inahusu pia chupa ile ndogo yenye nyama iliyokatwa: imepelekwa wapi, imesomwa lini, na majibu yake yamemfikia nani.

KWA NINI MIONZI BAADA YA KISU?

Turudi kwa mzee wetu. Mionzi ni ya kumtibu nini?

Ni ya kutibu kile ambacho kisu hakikuweza kukifikia. Tezi zikikutwa na chembe za ugonjwa, hiyo ni dalili kwamba huenda chembe nyingine zimebaki njiani, ndogo mno kuonekana. Zikiachwa huota tena, na mara nyingi ndani ya miaka miwili au mitatu ya kwanza. Mionzi huelekezwa nyongani ili kuziua. Pamoja nayo, mgonjwa hupewa dripu ya dawa iitwayo sisiplatini, kwa kawaida mara moja kwa wiki, ambayo huifanya mionzi ifanye kazi kwa nguvu zaidi.

Hili halikubuniwa jana. Mwaka 1999 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitoa tangazo maalumu kwa waganga wote, baada ya tafiti tano kuonyesha kwamba mionzi pamoja na dawa huokoa wengi kuliko mionzi peke yake. Moja ya tafiti hizo, iliyochapishwa kwa ukamilifu mwaka 2000, iliwahusu hasa akina mama waliokwisha kupasuliwa, ambao tezi zao, au kingo za nyama iliyokatwa, au sehemu za jirani zilikutwa na ugonjwa. Baada ya miaka minne, waliopata mionzi peke yake walikuwa hai 71 kati ya 100. Waliopata mionzi pamoja na dawa walikuwa hai 81 kati ya 100. Watu kumi katika kila mia ni akina mama kumi wanaorudi kwa watoto wao.

Wengine wametuuliza kama kisu ni bora kuliko mionzi tangu mwanzo. Utafiti mmoja wa Italia, uliochapishwa mwaka 1997, uliwalinganisha wagonjwa wa hatua za mwanzo. Baada ya miaka mitano, waliopasuliwa na waliopewa mionzi walikuwa sawa: 83 kati ya 100 walikuwa hai katika kila kundi. Lakini waliopasuliwa, ambao wengi wao walihitaji mionzi baadaye, walipata madhara makali zaidi. Ndiyo maana ni vema tezi zichunguzwe kwa picha kabla ya kisu pale inapowezekana. Ikijulikana mapema kwamba zina ugonjwa, mara nyingi daktari humwanzishia mama mionzi na dawa moja kwa moja, akamwepusha na mateso ya tiba mbili juu ya mwili mmoja. Kwa hiyo mama akiambiwa kwamba hatapasuliwa bali atapata mionzi, asidhani ametupwa.

Tena wapo wanaoamini kwamba kisu chetu cha kufungua tumbo ni cha kimaskini, na kwamba mwenye fedha huenda ng'ambo kupasuliwa kwa vitundu vidogo. Kuhusu saratani hii, mambo yaligeuka. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2018, uliowahusisha wanawake 631 katika nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba waliopasuliwa kwa vitundu walirudiwa na ugonjwa na kufariki wengi zaidi kuliko waliofunguliwa tumbo kwa njia ya kawaida. Basi mtu asiuze shamba kwa kukimbilia sifa ya mashine. Kinachookoa ni tiba iliyo sahihi, iliyoanza mapema, na iliyokamilishwa.

Tunasisitiza neno hilo, kukamilishwa. Mionzi hutolewa siku tano za kila wiki, kwa wiki tano hivi au zaidi, na wataalamu hutaka tiba yote imalizike ndani ya wiki nane. Mgonjwa anayekatisha katikati kwa kukosa nauli au mahali pa kulala hupoteza sehemu ya faida aliyoigharimia kwa maumivu.

SAFARI YA KUTOKA KALANGALALA

Lazima tukiri kwamba yapo mambo yaliyotengenezwa. Kwa miaka mingi, mgonjwa wa kanda yetu aliyehitaji mionzi alilazimika kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya kuvuka nchi nzima. Siku hizi huduma hiyo ipo Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za maaskofu wetu, na ambayo hadi leo ni mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania ikihudumu kwa ubia na Serikali. Na tangu Juni 2025 mgonjwa hasubiri tena kivuko kati ya Busisi na Kigongo, kwa kuwa daraja limefunguliwa.

Lakini daraja halimlishi mgonjwa. Mama anayekaa Mwanza wiki sita ahitaji chumba, chakula, mtu wa kumsindikiza, na mtu wa kubaki na watoto nyumbani. Biashara yake sokoni husimama. Hapo ndipo tiba nyingi hukatika, si kwa ukosefu wa mashine.

Tena yapo maneno yanayoua. Kirusi kinacholeta saratani hii hupatikana kwa njia ya kujamiiana, na kwa sababu hiyo mama mgonjwa huitwa malaya. Ukweli ni kwamba kirusi hicho, kiitwacho papiloma, ni cha kawaida sana hata wengi wa watu waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani, wanaume kwa wanawake, na mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Mke aliye mwaminifu maisha yake yote huweza kukipata kwa mumewe. Anayeishi na virusi vya UKIMWI yumo katika hatari mara sita ya yule asiye navyo, na katika ukanda wa migodi, ambako waume kwa wake huhamahama kutafuta riziki, jambo hili linatugusa sana. Kumhukumu mgonjwa ni kumfukuza hospitali.

Na baada ya tezi kuondolewa au kuchomwa kwa mionzi, mguu huweza kuvimba, kwa sababu maji ya limfu yamekosa njia. Si kulogwa, wala hakuna jirani wa kulaumiwa. Katika nchi yetu hii ya Usukuma, ambako bibi vizee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, viongozi wa jumuiya mnao wajibu wa kulisema hili kwa sauti.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila mama anayepasuliwa, au msindikizaji wake, aulize maswali matatu kabla ya kuondoka hospitali: Je, nyama na tezi zimepelekwa maabara? Majibu yatatoka lini? Nani atanipigia? Aandikishe namba mbili za simu, na mojawapo iwe ya mtu asiyeshuka machimboni. Jumuiya iweke mtu mmoja wa kufuatilia majibu hayo mpaka yapatikane.

Pili, majibu yakisema kwamba tezi zina ugonjwa, ukoo usikae kujadili kama mama aende, bali ukae kupanga ataendaje. Akina baba, hasa ninyi mlio wakuu wa kaya, ruhusa yenu isiwe kizuizi. Asiye na uwezo wa kulipia aombe mapema kuonana na maofisa ustawi wa jamii wa hospitali, badala ya kurudi nyumbani kimya.

Tatu, WAWATA na jumuiya zote zitenge mfuko mdogo wa nauli na malazi kwa wagonjwa wa mionzi. Tena tunaziomba parokia za Mwanza, kwa unyenyekevu, zifikirie nyumba za kuwapokea.

Nne, tunaiomba Serikali na wenye hospitali, sisi Wakatoliki tukiwa miongoni mwao, waongeze waganga wa patholojia na mashine za picha katika kanda hii, na waweke utaratibu ambao majibu hayatategemea bahati ya simu moja. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Tunataka kuona sheria hiyo ikimfikia muuza nyanya wa Kalangalala pamoja na yule mwenye mshahara.

Tano, tuzuie kabla ya kutibu. Kila mwaka zaidi ya wanawake 10,000 nchini Tanzania huugua saratani hii, na zaidi ya 6,000 hufariki kwayo. Kipimo cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi huchukua dakika chache, na mabadiliko yakionekana huweza kutibiwa kabla hayajawa saratani, kabla ya habari ya tezi kuanza. Mama mwenye miaka 30 na zaidi aende hata kama hana dalili, na anayeishi na VVU aanze mapema zaidi. Anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, asingoje wiki. Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uvumi kwamba chanjo hiyo inafunga uzazi ni uongo. Kinachoharibu uzazi ni saratani yenyewe.

Mnapenda kujua habari ya yule mama. Kikao cha ukoo kilikaa mara tatu. Mara ya tatu alikuwapo muuguzi mmoja, muumini wa parokia, aliyechora tezi kwa mkaa ukutani na kumweleza yule mzee, shikamoo kwanza, kisha neno kwa neno. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema ng'ombe mmoja auzwe. Jumuiya ikaongeza nauli. Mama alikwenda, akamaliza mionzi yote, na sasa huhudhuria kliniki kwa tarehe alizopangiwa. Alichelewa, na hatuwezi kumwahidi mtu yeyote miaka yake. Lakini hakuachwa.

Injili yatuambia juu ya mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, akamaliza mali yake yote kwa waganga, naye alipita kwa siri katikati ya umati kwa kuona haya. Akina mama wa namna hiyo wangali wanapita katikati yetu, sokoni, kanisani, kisimani. Tusingoje mpaka waguse pindo la vazi kwa kificho. Tugeuke tuwaulize, tena tuwasindikize mpaka mwisho wa tiba.